Mjomba, chuoni tunachorewa mashine ubaoni. Nirudi kiwandani?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Mikindani, hapa Mombasa, na mamangu na wadogo zangu wawili. Nilimaliza kidato cha nne nikapata C-, nikakaa nyumbani muda, kisha nikaingia kiwanda kimoja cha Changamwe kama kibarua wa kufunga katoni. Nilikaa pale mwaka mmoja na nusu. Mashine ikisimama, wenzangu walikuwa wanafurahi, wanakalia katoni wanapiga soga. Mimi nilikuwa nasogea kumtazama fundi anavyofungua. Mara anitume spana namba 19, mara nimshikie tochi. Siku moja nikampa namba 17 kabla hajaitaja. Akacheka, akawaambia wenzake, "Huyu ni wetu."

Hapo ndipo wazimu wa kusoma uliponiingia. Nikajiunga na chuo cha ufundi hapa mjini, diploma ya mekanika upande wa plant, yaani kutunza na kutengeneza mitambo ya viwandani. Mama anauza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, na karo inatoka mle mle kwenye karai. Sasa niko muhula wa pili na moyo umeanza kupoa.

Darasani tuko 42. Karakana ina leithi 3 za kukereza chuma. Moja ndiyo inayozunguka, ya pili mota yake iliungua, ya tatu tunaambiwa inangoja spea tangu kabla sijafika. Wiki iliyopita mwalimu alituchorea leithi ubaoni, na leithi yenyewe iko nyuma ya ukuta ule ule, hatua kumi hivi. Kilichojaa ni hesabu: hesabu za puli, yale magurudumu yanayopitishiwa mkanda, hesabu za nguvu, hesabu za joto, mpaka najiuliza hizi zinafungua bolti gani.

Nyumbani nako kuna ami yangu. Kila akija anauliza kwa sauti, mama asikie, "Msichana mwenye mikono ya grisi ataolewa na nani? Na spana?" Anataka nihamie kozi ya ukarani.

Sasa yule fundi amenipigia simu. Wanatafuta msaidizi wa zamu ya usiku, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, Sh900 kwa usiku. Nimemwambia niko chuoni, akasema nitasoma mchana nikitaka. Lakini ushauri wake hasa ni niache. Ana zaidi ya miaka 20 pale, hana cheti hata kimoja, na mainjinia wakikwama ndiye wanayemwita. Aliniambia, "Karatasi haifungui nati. Njoo, miaka miwili utakuwa fundi, wenzako bado wanachora." Nikimwangalia mama anavyoamka saa tisa usiku kukanda unga, Mjomba, naona haya kuzikataa zile Sh900.

Jumamosi nilipita kuwasalimu. Kuna konveya moja pale, mtambo wa kusafirishia katoni, siku hizi inakula mikanda ya mota mitatu kwa wiki. Nilimwuliza fundi sababu, akasema mikanda ya siku hizi ni feki. Akautoa uliokatika, akatia mpya, dakika kumi konveya ikaenda. Chuoni kwetu sijaona wa kufanya hivyo kwa dakika kumi.

Nifanyeje? Nivumilie ubao au nikajifunze kwa mikono?

Binti wa Mikindani

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nitaanza na ule mkanda, maana jibu lako limo mle na naona umelipita bila kuliona.

Mkanda wa V, yaani wenye umbo la V unaoingia kwenye mfereji wa puli, ukifungwa sawasawa hukaa miezi, na mara nyingi hupita mwaka. Hata uwe feki wa kununuliwa gizani, hauwezi kukatika kila baada ya siku mbili kama hakuna kitu kinachoukata. Mimi ningeanza kutazama puli zenyewe. Pengine puli ya mota na ya konveya hazitazamani, moja imesogea nje kidogo, basi mkanda unakwenda upande na kujisugua ukingoni. Pengine mifereji imelika. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, haupaswi kukalia sakafu ya mfereji. Ukimulika tochi ukaona sakafu inang'aa kama kijiko, jua mkanda umekuwa ukikaa chini na kuteleza. Na kama ni puli ya mikanda miwili au mitatu, naye fundi anabadilisha ule uliokatika tu, ule mpya ndio mfupi kuliko wenzake waliokwisha kunyooka, kwa hiyo unavuta mzigo wote peke yake. Hautafika Ijumaa.

Fundi wako simdharau. Dakika kumi ni kazi safi na mkono wake ni mwepesi. Lakini mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, na kwa dakika kumi kumi hizo ni saa 26 konveya imelala, mbali na bei ya mikanda yenyewe. Yeye anakijua kinachokatika. Kinachokata hajakitafuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kinatafutwa.

Najua kwa sababu nami nilianza kwa kushika tochi. Kabla sijaenda shule ya ufundi nilikuwa msaidizi wa fundi upande wa Shimanzi, kijana mwenye nguvu na kiburi. Usiku mmoja tulikuwa tunafunga beringi mpya, ile ringi yenye gololi inayobeba shafti, kwenye shafti ya pampu. Ilikataa kuingia. Nikachukua nyundo na kipande cha mbao, nikaigonga ringi ya nje, taratibu, huku na huku, mpaka ikaketi. Fundi akanipiga begani, akanisifu. Siku ya tisa pampu ikaanza kulia kama paka. Tukafunga nyingine, kwa nyundo ile ile. Hiyo ikaenda siku kumi na mbili. Tukakubaliana wote kwamba aliyeziuza ni mwizi.

Miaka miwili baadaye niko Tudor, enzi hizo pakiitwa Mombasa Polytechnic, kabla pahala pale hapajawa chuo kikuu cha ufundi mwaka 2013. Mwalimu akachora ubaoni, kwa chaki, duara ndogo ndani ya duara kubwa, na katikati akapanga gololi. Akauliza: beringi inaingia kwenye shafti kwa ringi ya ndani, wewe ukapiga ringi ya nje, nguvu ya nyundo inapita wapi? Darasa kimya. Akachora mshale ukapita katikati ya gololi. Kila pigo linaibonyeza gololi kwenye njia yake na kuacha kidimbwi ambacho jicho halikioni. Halafu unawasha pampu ya mizunguko 2,900 kwa dakika, na gololi zinapita juu ya vidimbwi vile usiku na mchana. Wallahi nilitoka jasho nimeketi. Nilimwona yule muuzaji tuliyemwita mwizi. Ringi ya ndani ndiyo ya kusukumwa, au beringi ipashwe moto, nyuzi 110 hivi, isivuke 120, itanuke na kuingia yenyewe bila nyundo.

Kwa hiyo ukiniambia mwalimu anachora ubaoni, mimi silii pamoja nawe. Ninacholia ni zile leithi. Watu 42 kwa mashine moja ni aibu ya chuo, sitaipaka sukari.

Lakini hebu jisikilize. Unasomea kutengeneza mitambo, na hatua kumi kutoka darasani kuna mitambo miwili mibovu. Kwangu hiyo ni karamu! Kusanya wenzako wanne au watano wenye njaa ya kazi, mwende kwa mkuu wa idara kwa adabu, mumwombe ile ya kungoja spea iwe mradi wenu chini ya mwalimu. Mfungue giaboksi, kila kipande mkiwekee alama na kupiga picha kabla hakijatoka, mchore, mpime kwa maikromita, mwandike ni kipi hasa kimekufa. Mara nyingi spea inayongojwa ni kitu cha kukerezwa kwenye ile moja iliyo hai. Na hata isipowaka, mtakuwa mmejua ndani ya leithi kuliko anayeizungusha kila siku. Pakeni mafuta na zile njia za kutelezea. Mashine iliyolala kwenye hewa yetu ya chumvi huliwa haraka kuliko inayofanya kazi.

Na hizo hesabu zisizofungua bolti. Mota ya konveya yako, nenda ukasome kibati chake, huenda kimeandikwa mizunguko 1,440 kwa dakika. Tuseme puli ya mota ina kipenyo cha milimita 100 na ya konveya 300. Gawa 100 kwa 300, zidisha na 1,440, konveya inazunguka mara 480. Siku moja puli ya mota inavunjika, stoo kuna ya 125 tu, fundi anaitia kwa sababu tundu linaingia shaftini. Sasa ni mizunguko 600. Konveya imeongeza robo ya mwendo, katoni zinaanguka kwenye kona, mota inapata joto, na kila mtu anawalaumu vibarua wa kufunga. Aliyepita darasa la puli ataona kosa akiwa bado mlangoni.

Fundi wako amekwambia karatasi haifungui nati, na ni kweli. Inafungua lango la kiwanda cha pili. Tazama pale Changamwe kwenyewe: ule mtambo wa kusafisha mafuta uliacha kusafisha mwaka 2013, ukabaki wa kuhifadhi tu. Viwanda vinazaliwa na vinakufa. Fundi aliyejua mashine moja kwa mazoea ya miaka 20, siku ya kufungwa atabisha hodi bandarini, au kwenye saruji Bamburi, au kwenye vyuma Mariakani, aulizwe umesomea nini. Atajibu nini? Tena mwambie, kwa heshima, kwamba naye hajachelewa. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wanapima ufundi wa mikono, Gredi ya 3, ya 2, mpaka ya 1, na mtu aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kujaribiwa. Yeye atapita huku anapiga mluzi. Ukimletea habari hiyo utakuwa umemlipa kwa zile tochi zote.

Sasa zile Sh900. Zamu ya saa kumi na mbili usiku kucha, halafu darasa saa mbili asubuhi: hapana. Sikatai kwa sababu ya uvivu. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kimepungua pingili moja. Ilikuwa alfajiri, nimekesha, nimetia mkono kwenye cheni nikidhani imezimwa, na kweli ilikuwa imezimwa, mpaka mwenzangu naye aliyekesha akaja akaiwasha. Hapakuwa na kufuli kwenye swichi. Tangu siku hiyo siingizi mkono mahali popote bila swichi kuu kuzimwa, kufuli langu mwenyewe limeng'ang'ania, ufunguo mfukoni mwangu. Mtu mwenye usingizi husahau kufuli kwanza.

Ninachokushauri ni uende pale wakati wa likizo ndefu, na ukifika muda wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya chuo, uombe iwe pale pale. Mwombe fundi akupeleke kwa meneja, ukiwa na barua ya chuo mkononi. Viwanda hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, kwa hiyo neno mafunzo si geni ofisini mwao. Ukipewa kazi, hata ya wiki tatu, uliza jina lako limeandikwa daftari gani. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ipo tangu 2007, lakini kibarua asiyejulikana jina huanza kwa kubishana kama alikuwepo siku hiyo. Uliza pia zamu ya usiku mnarudishwaje nyumbani. Msichana kutembea Changamwe alfajiri kutafuta matatu si ushujaa.

Karo, jaribu HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Wanakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, si wa vyuo vikuu pekee kama wengi wanavyodhani. Ni deni na litalipwa, basi chukua la karo na si la simu mpya.

Kuna jambo moja limenikaa rohoni niliposoma barua yako mara ya pili. Umenieleza asemavyo ami, umenieleza asemavyo fundi, neno kwa neno. Mama umenieleza anaamka saa ngapi. Hukuniambia amesema nini. Umemwuliza? Mwanamke anayekanda unga saa tisa za usiku kwa ajili ya diploma, huenda ana maoni yake kuhusu mtu kuiacha muhula wa pili. Kaa naye hapo kwenye karai, umsaidie kugeuza viazi, umweleze Sh900 na umweleze zamu yenyewe. Akikwambia nyumba imekwama kabisa, hapo tuandikiane tena, maana kuna kuahirisha muhula kwa barua, na kuahirisha si kuacha. Lakini usimwamulie kichwani mwako.

Ami simjibu sana. Grisi hutoka kwa sabuni ya unga na kijiko cha sukari, sugua kabla ya maji, mikono inarudi kama ya bibi harusi. Nakuonya tu juu ya mtandio: karakanani ubanwe wote ndani ya ovaroli, ncha hata moja isining'inie, na pete na bangili zibaki nyumbani. Leithi haijui heshima.

Jumamosi ukipita tena kuwasalimu, nunua mshipi wa kuvulia samaki, mita mbili zinatosha. Mwombe fundi azime konveya na aifunge kwa kufuli. Vuteni mshipi ule ukaze na unyooke sawa, kutoka uso wa nje wa puli ya mota hadi uso wa nje wa puli ya konveya. Puli zikiwa za unene mmoja na zinatazamana, mshipi utagusa mahali panne: kingo mbili za puli hii, kingo mbili za ile. Ukigusa patatu, moja imepinda. Ukigusa pawili, moja imesogea yote. Pimeni pengo kwa rula, mlegeze bolti za mota, msogeze mpaka panne pote paguse. Ndipo mtie mkanda, na kama ni zaidi ya mmoja mbadilishe yote pamoja. Mkaze kiasi kwamba ukiubonyeza katikati unashuka kama milimita 16 kwa kila mita kati ya puli na puli.

Usimfundishe mbele za watu. Mwombe akuonyeshe, wewe ushike mshipi. Halafu uniandikie uligusa wapi.

Mjomba